Wifi Aliyemnyoa Mwanangu

Kwa Wifi hakuna aliyewahi kumaliza kupiga hodi. Ulikuwa hujafika kizingitini, yeye kishazisikia ndara zako njiani, na "karibu" yake imekwisha kutoka ndani, ndefu, yenye kuvutwa mwishoni. Karibu hiyo haikubagua. Mchuuzi wa samaki, jirani anayetafuta moto, mtoto aliyetumwa chumvi, wote waliitikiwa kwa sauti ile ile, na wote wakishakaa walisemwa. Huyu kanga kaifunga kama mgonjwa, yule kanenepa na mume wake kakonda, mwengine kaoga au kapita tu karibu na maji. Mama yangu alisema Wifi humkaribisha mtu ndani ili apate kumkosoa kwa nafasi.

Alikuwa dada wa mume wangu, mkubwa kwake kwa miaka mingi. Ndoa iliyonipa haki ya kumwita Wifi imevunjika zamani, lakini ulimi wangu haukujifunza jina jingine. Siku moja, baada ya talaka, nilijaribu kumwita Bi kwa heshima, kama anavyoitwa mtu wa mbali. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Weye kakuacha yeye," alisema. "Miye sijakuacha."

Msidhani alikuwa akinipenda. Au tuseme, kama alinipenda, alilificha jambo hilo vizuri kuliko watu wanavyoficha dhahabu. Siku ya kwanza nilipopika nyumbani kwao, kijiji kimoja karibu na Gando, alionja wali wangu, akaweka kijiko chini, akawaita wanawake waliokuwa uani. "Njooni mtazame. Tumeletewa mwalimu. Wali tutapika wenyewe." Walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikacheka nao huku macho yananiuma. Tangu siku hiyo tui langu lilikuwa jepesi, muhogo wangu ulikuwa na nyuzi, na chapati zangu, kwa maneno yake, zilifaa kuezekea. Alikuwa na msemo wake: wifi akikusifu, itazame nguo yako, huenda imechanika nyuma.

Chapati zake yeye zilikuwa hadithi nyingine, na hapo sina budi kuutaja mkono. Mkono wake wa kushoto ulipinda kwenye kigasha, chini ya kiwiko, mfupi kidogo kuliko mwenzake, na haukunyooka kabisa. Alikanda unga kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto akauweka juu ya ukingo wa sinia kama jiwe la kuzuia lisiteleze. Palipokuwa na harusi aliitwa yeye. Wageni walipouliza, jibu lilikuwa moja, na lilitolewa na yeyote aliyekuwa karibu: alianguka mkarafuuni. Kwetu Pemba hilo si jambo la kushangaza. Kila msimu mkarafuu humwangusha mtu, na kila kijiji kina mlemavu wake wa karafuu. Wifi mwenyewe alifanya mzaha nalo. Msimu ukianza na wanawake wanapanga kwenda shamba, yeye aliunyanyua mkono uliopinda na kusema, "Miye nishachuma zangu."

Kitu kingine nilichokizoea bila kukielewa kilikuwa jozi ya ndara ndogo, za mtoto wa miaka mitano au sita, zilizotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wake. Zilikuwa za rangi ya waridi zamani, zikapauka. Wifi hakujaaliwa mtoto. Aliolewa, akaachwa kwa sababu hiyo hiyo, akarudi nyumba ya urithi wao. Nilimuuliza ndara zile ni za nani. Alisema ni za kijitoto cha kisiwani Kojani alichopewa kukilea, kikarudi kwao. Nikasema mbona hazikupelekwa. Alisema, "Kojani hakwendeki kwa miguu," na mazungumzo yakaishia hapo.

Ndugu yake, yaani mume wangu, alilelewa na yeye. Mama yao alifariki mvulana yule hajajua kutembea vizuri, na Wifi, ambaye naye alikuwa msichana tu, alimbeba mgongoni hata kisimani. Ukimuuliza kwa nini anampelekea chakula mtu mzima mwenye mke ndani, alikujibu kwa methali iliyokuwa kama dua yake ya kila siku: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mume wangu alikuwa mtu wa kupendeza nje. Alichukua samaki Tumbe kwa baiskeli na kuwauza njia nzima mpaka Wete, na kila nyumba ilijua kicheko chake. Nyumbani kicheko kilibaki mlangoni pamoja na baiskeli.

Sitaeleza alivyokuwa akinipiga. Aliyepigwa anajua, na asiyepigwa haimfai kitu kuhesabiwa makofi. Nitaeleza tu kwamba Wifi alijua. Asubuhi yake alikuja na kichupa cha mafuta ya karafuu, akanipaka bila kuuliza panapouma, kwani mkono wake ulipaendea wenyewe, kisha akaniteremshia mtandio mpaka kwenye nyusi. "Funika," alisema. "Aibu ya nyumba hufukiwa nyumbani." Nilimchukia kwa neno lile kuliko nilivyomchukia mwenye kunipiga. Nilimwona kama mlinzi wa gereza anayemletea mfungwa dawa ili kesho awe mzima wa kupigwa tena. Miaka mingi nimelifikiri neno lile, na bado sijui kama nilimkosea.

Talaka nilipewa juu ya jamvi la karafuu. Ilikuwa msimu wa vuli na karafuu zetu zimeanikwa uwanjani, wanawake tunachambua, tunatenga makonyo, vile vijiti vyake. Wingu likaja kwa ghafla. Tulizoa tulivyoweza, lakini jamvi moja likalowa, na karafuu iliyolowa ni hasara, hugeuka rangi na kunuka uvundo. Mume wangu alifika, akaliona jamvi, akaniona mimi, na mbele ya watu wote akasema nimekuacha. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya samaki. Wifi alikuwa amepiga magoti kando yangu, anakusanya kwa mkono mmoja. Alimwambia ndugu yake, "Usinene na hasira, baba," na alipoona kishanena, akaendelea kuzoa karafuu. Nami nikaendelea. Nilikuwa na mimba changa ambayo sikuwa nimeitamka kwa mtu.

Nilirudi kwa mama yangu. Mimba ilipoonekana, nilimpelekea habari baba wa mtoto kama inavyotakiwa, kwa sababu mwanamke mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue, na kwa muda huo matumizi yake yako kwa aliyemwacha. Jibu lilikuja kwa mdomo wa ami yake, mzee wa ukoo wao: mimba si ya kwake. Alikwisha kuniacha tangu kabla ya Ramadhani, akasema, na eda yangu ilikwisha zamani, basi nikamtafute mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa skuli, na ugonjwa wa walimu ni kueleza. Nivumilieni, kwa sababu najua miongoni mwa wanaosoma haya yumo aliyekaa na jibu kama hilo tumboni. Dada yangu, "si wangu" ya mwanamume si hukumu. Mtoto aliyetungwa ndani ya ndoa ni wa ndoa hiyo, na baba hamvui mtoto nasaba kwa kutikisa kichwa. Lakini neno lile likiachwa bila kujibiwa huota mizizi. Mtoto atakosa jina la baba kwenye cheti chake. Atakosa urithi. Akiwa binti, siku ya kuolewa patatafutwa walii wa kumwozesha na hatapatikana. Na kabla ya yote hayo, chuoni anakosoma Kurani, wenzake watamwita jina ambalo watu wazima wamelisema mbele yao. Kwa hiyo usikae. Nenda kwa sheha wako mapema, nenda kwa kadhi, na nenda na watu wanaojua ndoa ilivunjika lini. Usione haya. Haya ni ya aliyekana.

Ni rahisi kuandika hivyo leo. Siku zile watu wanaojua walikuwa uwanja mzima, na hakuna aliyetaka kujua. Wanawake tuliochambua nao karafuu walikuwa wachumaji wa ukoo ule, na msimu ujao walitaka kuitwa tena. Mmoja aliniambia, kwa huruma ya kweli, kwamba kichwa chake ni kibovu, miezi humchanganyikia.

Mwanangu alizaliwa, msichana, na kwao hakuja mtu. Ami alikwisha kupiga marufuku. Kwa ukoo wao nywele za kwanza za mtoto hunyolewa na shangazi, dada wa baba, na nywele hizo huzikwa katika shamba lao. Ukoo mwengine una mambo yake, wao hilo ndilo lao, na kijiji kizima kinajua: mtoto aliyenyolewa na shangazi ni wao, asiyenyolewa si wao. Siku ya saba mama yangu alikuwa amekwisha kumwita mwanamke wa mtaa wetu atunyolee, maji yameshapashwa, mara tukasikia nje mtu anagombana na mbuzi.

Alikuwa Wifi. Alikuja na mbuzi wa akika kwa miguu, anamvuta kwa mkono mzima, na wembe mpya kaufunga kwenye pindo la kanga. Hakupiga hodi ya upole. Aliingia, akatusalimia wote, akamtazama mama yangu na maji yake, akasema maji yale yamepoa, hata kuku hanyonyolewi. Kisha akaketi, akamchukua mtoto.

Mama aliogopa ule mkono na wembe. Nilimwona akijongea kumshika mtoto kichwa. Lakini Wifi aliulaza mkono uliopinda, na kumbe katika kipindo kile kichwa cha mtoto kilikaa barabara, kama kilichongewa. Akanyoa taratibu kwa mkono wa kulia, akimsemesha. Alimwambia ana masikio ya babu yake, Mungu amsamehe. Alipomaliza alizikusanya nywele zote kwenye jani la mgomba, akamwita mtoto Kazija, jina la mama yao, akawageukia wanawake waliokuwamo.

"Mmeona," alisema. "Mkiulizwa, semeni mmeona."

Nikapata nguvu kwa siku ile. Nilikwenda kwa kadhi, na Wifi alikuja akasema alichokiona: kwamba talaka ilisemwa juu ya jamvi lililolowa, katika karafuu za vuli, miezi kadhaa baada ya Idi, na kwamba mwezi wa Ramadhani ule mimi nilifuturu nyumbani kwa mume wangu, na tui langu lilikuwa jepesi. Hilo la tui alilisema hata mbele ya kadhi. Baada ya yeye kusema, kichwa cha yule mwanamke mwengine nacho kikapona, akakumbuka. Kadhi akahukumu kwamba mtoto ni wa mwenye ndoa. Kazija akapata jina la baba yake, na mimi nikarudi nyumbani nikalia kwa furaha.

Lakini mimi niliyesomesha watoto hesabu sikuwa nimeipiga hesabu hiyo mpaka mwisho. Nilikuwa nimempa mtoto baba, na baba aliyepewa mtoto ana la kudai. Kwa muda mrefu hakudai chochote. Kisha Kazija akakaribia miaka saba, mtoto wa kuchekesha, mwenye sauti, na baba yake, ambaye kwa wakati huo alikuwa na mke mwengine, akatuma neno kwamba mtoto kafika umri, na anamtaka. Siamini alimtaka. Alishindwa mahkamani mbele ya dada yake na kijiji, na hakusahau.

Hapo tena nieleze, kwa sababu mambo haya mawili watu huyachanganya na woga huzaliwa hapo. Wapo wanawake wanaoogopa kudai nasaba ya mtoto wakidhani wakimpata baba watampoteza mtoto. Nasaba ni jambo moja, malezi ni jambo jingine. Mtoto anaweza kuwa wa baba yake kwa jina na kwa urithi, na bado asilale kwake hata usiku mmoja, ikithibitika kwamba huko ataumizwa. Neno gumu ni hilo, ikithibitika. Mimi nilikuwa nimefunika. Sikwenda hospitali, sikwenda polisi, sikumwambia sheha. Kila alama aliyoniachia niliifunika kwa mtandio mpaka ikapona, na iliyopona haisemi. Basi, dada yangu, usifunike.

Wazee wa pande mbili walikaa kutafuta suluhu, na suluhu waliyoipata ilikuwa nzuri mpaka ikaniondolea hamu ya kubisha. Mtoto akae kwa mama yake siku za skuli, na mwisho wa wiki ende kwa shangazi yake. Baba atamwona huko, chini ya macho ya dada yake. Nani angeweza kukataa? Shangazi ndiye aliyemnyoa. Shangazi ndiye aliyesimama kwa ajili yake. Ukoo ulipata mtoto wake, baba alipata heshima yake, mimi nilipata mtu ninayemwamini. Nilikuwa nimechoka, nikaitikia. Na zaidi ya wote, nilidhani, Wifi angefurahi. Nilijua alivyokuwa akimngoja mtoto yule. Nilizijua zile ndara kwenye msumari.

Tulirudi kwa kadhi ili ayatie nguvu mapatano. Ukumbi ulikuwa mdogo, na feni haizunguki. Kadhi, mtu mpole mwenye kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, aliwauliza wote mmoja mmoja kama wanaridhia, na wote waliridhia. Kisha akamgeukia Wifi, akamuuliza yuko tayari kumpokea mtoto nyumbani kwake.

Wifi alisimama. "Shehe, ntoto huyu ni wetu," alisema. "Nimemnyoa miye. Lakini kwangu asije."

Ami alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia mzaha usio na mahala pake. "Unamkataa mtoto wa ndugu yako?"

"Sinkatai, ami. Nyumba yangu haina nlango wa kunzuia ndugu yangu."

Kadhi akamwambia afafanue. Wifi aliukunja mkono wa buibui lake mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mbele yake ule mkono usionyooka. Sikuwahi kuuona wote. Mfupa ulikuwa umeungana vibaya na ngozi imekunjamana juu yake.

"Nkono huu haukuvunjwa na nkarafuu," alisema.

Alieleza kwa utulivu, akijitahidi kusema Kiswahili cha ofisini, na kila alipofika panapouma Kipemba kikarudi. Yule mtoto wa Kojani alikuwa akiishi naye, anasoma chuoni, mwenye adabu, mwoga wa ng'ombe. Siku moja mtoto alimwaga chai kwenye shati la ndugu yake Wifi, shati la kwendea harusini. Ndugu yake, ambaye hajaoa bado na anaishi mle mle, alishika mchi wa kinu. Wifi aliweka mkono kati. Siku ya pili alimpeleka mtoto kwao, mkono wake mwenyewe umefungwa ubao, na ndara za mtoto zikasahauliwa kwa haraka ile.

"Mama yake akaniuliza nina nini. Nikamwambia nimeanguka nkarafuuni. Nimesema hivyo, Shehe, mpaka miye mwenyewe nikaanza kuuogopa nti."

Hakuna aliyecheka. Mume wangu wa zamani hakupiga kelele, hakukanusha. Alimtazama dada yake kama mtoto aliyeachwa sokoni, akasema neno moja tu, "Dada."

"Naam, baba," Wifi akamjibu, kwa sauti ya siku zote. "Ndivyo."

Kadhi aliamua mtoto abaki kwangu, na baba akitaka kumwona amwone mchana, ofisi ya ustawi wa jamii, mbele ya mtumishi wa pale. Alikwenda mara chache, akaketi akimtazama Kazija akichora, kisha akaacha kwenda.

Siku ile ya mahkama watu wa ukoo wao walikuja na pikapu. Waliondoka nayo bila Wifi. Mimi nilimwambia apande gari tuliyoikodi sisi, akakataa. "Nikipanda na weye watasema nimenunuliwa." Nilimwacha kasimama juani, kauteremsha mkono wa buibui mpaka vidoleni. Na bado, jirani yake aliniambia, aliporudi alikwenda moja kwa moja jikoni, akapika pweza wa nazi, akamfunikia ndugu yake akampelekea.

Hilo lilinikasirisha kwa muda mrefu. Nilimuuliza siku moja, alipokuja kumtazama Kazija kwangu, vipi anaweza. Alikuwa akikagua chungu changu, kama kawaida.

"Mahkamani nimensema," alisema. "Njaa sikumtakia."

Watu walimwadhibu, lakini kwa namna ya Kipemba, bila kelele. Harusi zilipita hakuitwa kukanda unga. Mazishini alipewa nafasi ya kukaa, ila hakupewa kazi, na kwetu mtu asiyepewa kazi msibani ameambiwa yote. Aliitikia hodi kabla haijapigwa kama zamani, lakini nyayo za kuitikia zilipungua. Kisha mke wa pili wa ndugu yake akaondoka, na sikuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Ndugu yake akahamia kwa Wifi. Nyumba ni ya urithi na yeye ana fungu lake, hakuna wa kumzuia, na sijui kama Wifi alijaribu. Tangu hapo Kazija hakuweza hata kumpitia shangazi yake kumwamkia. Yeye ndiye aliyekuja kwetu, kwa miguu, akamletea maembe yaliyofungwa kangani, akamshika kichwa, akatukana mchuzi wangu, akaondoka. Baadaye kifua kikamshika, na safari zikakatika.

Mwezi uliopita tulisikia hali yake si nzuri. Kazija, ambaye sasa ana urefu wa kunifika begani, alisema kama simpeleki atakwenda mwenyewe. Tulisikia pia kwamba baba yake huwa yuko Tumbe asubuhi, basi tukaenda asubuhi. Nilimpikia Wifi uji wa mchele wenye tui zito kabisa, zito mpaka haya ikanishika.

Tulifika kibarazani. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nilipiga hodi, nikaimaliza. Nilipiga ya pili, nayo nikaimaliza. Tukasikia kitanda kinalia, kikohozi kirefu, miguu inaburutwa. Mlango ukafunguka kidogo, akatoka kwa ubavu, akaurudisha nyuma yake mpaka ukafunga. Hakusema karibu.

Alikuwa amekonda, uso umebaki macho. Aliniamkua kwa chini chini, akaupokea uji, akafunua kifuniko akatazama. Nilingoja aseme. Hakusema kitu juu ya tui, na hapo ndipo nilipojua jinsi alivyo mgonjwa.

Kisha akamgeukia Kazija. Kazija alimbusu mkono, ule uliopinda, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Wifi alipitisha vidole chini ya ukingo wa mtandio wa mtoto, juu ya paji, akazigusa nywele.

"Zimekuwa nzito," alisema.

"Shangazi, tuingie tukakupashie uji," Kazija akasema. "Unasimama na homa."

Wifi alitikisa kichwa. Mara kutoka ndani, karibu sana na mlango, ikaja sauti ya mwanamume, iliyokwama kwa usingizi. Ilikuwa sauti niliyoijua mpaka kwenye mifupa. "Nani hao?"

Mkono wake bado ulikuwa kwenye nywele za mwanangu. Hakuuondoa upesi. Alimtazama Kazija kama mtu anayesoma kitu mara ya mwisho kabla hakijafutwa ubaoni, kisha akauteremsha mtandio wa mtoto mpaka kwenye nyusi, vile vile alivyokuwa akiniteremshia mimi.

"Wapita njia," alijibu bila kugeuka.

Nikamshika Kazija mkono, na tukapita.